Gurudumu la Kushoto

Benedita, usinicheke. Kidole changu kigumu,
kioo chako hakikijui.
Nagusa, hakisikii. Nagusa tena, kinafungua kurasa tatu
ambazo sikuziomba.
Miaka thelathini na minane nimesukuma toroli
katika hospitali hii ya Covilhã,
mlima ukiwa na theluji na usipokuwa nayo,
kutoka chumba cha majalada, chini kabisa,
hadi ghorofa ya sita, wodi ya moyo.
Gurudumu la kushoto lilikuwa linalia.
Wauguzi walinijua kwa mlio huo kabla ya kuniona:
"Huyo Belmiro, anakuja na watu wake."

Watu wangu! Kweli walikuwa wangu.
Kila mtu na uzito wake wa karatasi,
wengine wembamba, ugonjwa wao bado mpya,
wengine wamefungwa kamba kama kuni.
Nilijua mwandiko wa kila daktari:
wa Mendonça ulilala kama nyasi zilizopigwa na mvua,
wa yule bibi wa figo ulikuwa mdogo,
ungedhani wino unauzwa kwa bei ya dhahabu.
Na nilibeba yasiyoandikwa. Nilimwambia wa kitanda cha tisa
kwamba mkewe yuko chini, anatafuta sarafu za kuegesha gari,
asilale kwanza.
Hayo nani atayabofya sasa?

Leo picha ya mapafu inafika juu
kabla mgonjwa hajafunga vifungo vya shati.
Daktari wa Lisbon anaitazama akiwa Lisbon,
anasema "hapa, kivuli hiki,"
na huku sote tunakiona.
Chumba changu wamekipaka rangi nyeupe,
wameweka mashine ya kahawa.
Waliponiuliza kama nasikitika nilisema ndiyo,
wakanipiga picha nimeshika toroli,
wakaibandika ukutani karibu na lifti.

Sikuwaambia habari ya Adérito.

Usiku wa Februari, mwaka wa themanini na tisa.
Kijana wa kiwanda cha sufu, homa, shingo imevimba.
Simu ikalia chini: leta jalada lake, upesi.
Nililitoa. Nambari 40718.
Naikumbuka kuliko nambari ya nyumba yangu.
Lifti ilikuwa imekwama; nikaliacha toroli,
nikapanda ngazi na majalada kumi na moja mikononi,
nikayatua mezani ghorofa ya nne, nahema.
Yalikuwa kumi.
La kumi na moja lilikuwa limeteleza,
limelala sakafuni, upande wa gurudumu la kushoto,
ukurasa wa kwanza, wino mwekundu,
neno moja limepigiwa mistari miwili:
penisilini.

Hawakunilaumu. Ripoti ilisema: jalada halikupatikana.
Halikupatikana. Kana kwamba lilijificha lenyewe.
Mama yake alikuja asubuhi kuchukua viatu.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.
Hawakusema kitu juu ya mtu mwenye daftari,
daftari lenyewe likiwa ghorofa nne chini yake.

Kwa hiyo nifundishe, Benedita. Polepole.
Nionyeshe tena pale ulipoandika jina la dada yangu jana,
ukachagua dawa, na kioo kizima kikawa chekundu,
kikakataa,
kikakataa hata ulipobonyeza mara ya pili.
Ulikasirika kidogo, nilikuona; una wagonjwa kumi na sita
na kidude hicho kinakupigia kelele kutwa,
kwa jambo na kwa lisilo jambo.
Mimi nilikuwa mlangoni, kofia mkononi.
Sikusikia kelele.
Nilisikia gurudumu linalia, linafika.

Haya. Nywila.
Ulisema iwe na herufi kubwa moja, na tarakimu tano
nisizoweza kuzisahau.
Tarakimu ninazo.