Chenga

Mzevinari aliziingiza kanda tisa karakanani
ndani ya gunia la viazi.
Kutaisi ilikuwa inanyesha tangu Jumatatu
na maji yaliyomchuruzika kwenye koti
niliyaogopa kuliko deni.
Maji ndiyo yaliyozila kanda hizi,
miaka kumi na tisa chini ya ngazi,
hadi kuvu ikaota nywele.

Sikuahidi. Fundi anayeahidi ni mwongo.
Nilizipanga katika kabati la kukaushia matunda,
mahali pa matufaha ya mama,
nyuzi hamsini na nne, saa nane,
nikizigeuza kama anavyogeuzwa mgonjwa kitandani.

Kisha mashine. Kanda ikalia,
mlio wa mlango usiotaka wageni,
ikaacha unga wa kahawia kwenye vichwa.
Simamisha. Spiriti. Pamba. Endesha tena.
Sekunde arobaini, simamisha.
Unga huo ni muziki, nilimfokea Lasha
alipoufuta kwa kidole akajipangusia suruali.

Siku ya sita picha ikaja.
Ukumbi wa kiwanda cha malori, themanini na sita,
wafanyakazi wamekaa na makoti yao,
mwimbaji ana masharubu kama ya kuazima,
na mpiga kamera, Mungu amsamehe,
kampenda mpiga ngoma.
Ngoma, ngoma, jasho la mpiga ngoma, kiatu chake.
Anzori wa gitaa la besi ni kiwiko tu,
kinaingia pembeni, kinatoka.
"Kaipiga chenga kamera," akasema mkewe,
"kama alivyonipiga mimi, na wote waliomdai.
Ni ini peke yake lililomkaba."

Kanda ya tisa haikuwa na lebo.
Watu wameondoka. Kamera imesahauliwa juu ya kiti,
inalitazama jukwaa kimshazari.
Na huyo hapo, anakunja nyaya,
kipande cha mkate mdomoni,
anahesabu, anakosea, anaanza upya.
Dakika kumi na moja.
Theluthi yake chenga tupu,
punje nyeupe zikimmwagikia mabegani.

Nikasema naweza kuzipunguza. Ipo programu,
inakisia kilichopotea, inajaza.
"Na uso wake itaukisia?"
Nikanyamaza.
"Basi usinipe mume wa kukisiwa."

Televisheni walichukua zile nane, zimetakata,
pazia limerudiwa na wekundu wake.
Wekundu ule niliukisia. Hawakuuliza.

Ya tisa alikwenda nayo ilivyo.
Jana usiku akanipigia simu, hakusalimu:
kabla picha haijakatika Anzori anainuka,
anakuja kitini,
mkono unafunika lenzi.
"Alijua iko wazi. Muda wote alijua!"

Nimeitoa nakala yangu. Nimeirudisha mara ishirini,
pua karibu na kioo.
Mkono, au chenga zimekusanyana. Siwezi kuapa.

Nilimwambia ndiyo, ni mkono.
Nikamwambia hata pete inaonekana.