Robo Iliyofunikwa

Sakafu yetu ya kuanikia, hapa Kangagani,
ni mraba sawasawa.
Ila Fundi Kombo aliweka tundu la maji pembeni kidogo.
Ukimuuliza, atakwambia ardhi ndiyo iliyotaka.

Katikati ya kila ubavu tulivuta kamba
hadi kwenye tundu. Vikatoka vipande vinne
tukaviita robo,
ingawa hata kimoja si robo.

Sasa saruji imepasuka, na saruji mpya ina bei:
kila mtu alipe kwa eneo lake.
Shaame kapima: ishirini na saba.
Mize, anayemfuatia: thelathini na tatu.
Faki, wa mkabala na Shaame: arubaini na tano,
akanuna kama aliyelishwa shubiri.
Changu hakipimiki. Kimelaliwa na majamvi,
karafuu za siku ya pili, zimeanza kuwa kahawia,
na jua la vuli halichezewi.

"Subiri zikauke," Mize akauambia ukuta.
(Mimi na yeye hatusalimiani tangu msimu wa juzi,
kwa pishi moja ya makonyo.)
"Hamsini," akasema Faki, "kwa kukadiria."
Kadirio la Faki huangukia upande wa Faki.

Zuwena, binti wa Shaame, kidato cha pili,
akaokota kaa jikoni, akachora mraba
kwenye mlango wa ghala.
Akatoka tunduni tena, safari hii hadi kwenye pembe zote.
Pembetatu nane.
"Tazameni ubavu huu. Kamba imeukata katikati:
kitako sawa. Kimo ni kimoja, wote wanatazama tundu.
Ni mapacha. Hawafanani sura, lakini eneo ni lile lile."
Nyembamba imeinama, nene imekaa kitako,
nami nikakataa, kisha nikakubali.

Jozi nne za mapacha, ubavu kwa ubavu.
Baba yake na Faki wamechukua mmoja katika kila jozi.
Wenzao wamebaki kwa Mize na kwangu.
Ishirini na saba na arubaini na tano, sabini na mbili.
Ondoa za Mize.
"Thelathini na tisa," akasema, akapangusa kaa kwenye kanga.

Mize akacheka. "Mwanangu, ubavu ni hatua kumi na mbili.
Zidisha, utoe vyao vitatu, mambo kwisha!"

"Utapata thelathini na tisa, shangazi, basi.
Hivi unajua kwamba hata fundi angelihamisha tundu
popote humo ndani,
wewe na yeye mngebaki nusu.
Kinachopungua kwake kinaingia kwako."

Hakuna aliyejibu. Faki alihesabu tena kwa vidole.
Kisha wingu likatufunika, zito, bila kubisha hodi,
nikakimbilia majamvi,
na ncha ya pili nikaikuta tayari imeshikwa na Mize.
Tukaanua. Matone yakaanza.
Robo yangu ikabaki wazi, imelowa, yote inaonekana.
Hakuna aliyekwenda kuipima.