Mkato Nilioukosea

Kitabu chake cha kwanza nilikipanga mimi,
herufi kwa herufi, kwa risasi na wino,
katika karakana yangu nyuma ya stesheni ya Łódź.
Nakala mia tatu. Ziliuzwa arobaini na moja.
Zilizobaki ziko chini ya ngazi;
panya wamezisoma kuwashinda wahakiki.

Bogna Sierpowska aliponijia mara ya pili
hakusalimu. Alifungua ukurasa wa kumi na tisa.
"Hapa, Bwana Wacław. Nani kakutuma uweke mkato hapa?"
Yeye aliandika: Baba alitoka kununua chumvi.
Mimi nilichapa: Baba alitoka, kununua chumvi.
Wiki tatu hakunisemesha.

Huyo ndiye Bogna wa vitabu: mchana anakata tiketi za tramu,
usiku anahesabu mizani kwa vidole
kama muuza duka asiyemwamini mteja.
Akisoma maktabani tulikuwa watu kumi na mmoja,
wawili wetu wamefuata joto la jiko.

Kisha Februari ile umeme ukakatika katikati ya ubeti.
Tukasikia kiti kikilia,
halafu yeye, akiendelea, lakini si kwa kusoma:
maneno yalikuwa yameota miguu.
Hakuna aliyethubutu kuwasha kiberiti.

Gitaa alilinunua gulioni, lina nyuzi tano.
Wa sita hajauweka mpaka leo.
"Noti zangu ni nne tu," husema, "na moja ni ya akiba."
Kaseti ya kwanza aliirekodi jikoni;
ukitega sikio, friji linaitikia.
Washairi wakasema ameuza. Wanamuziki wakasema anaongea.
Yeye akapanda treni kwenda Gdynia na mayai ya kuchemsha mfukoni,
watu wakajaa hadi madirishani.

Hapazi sauti. Huliweka neno mezani,
huliacha lipoe,
ndipo hugusa uzi.
Kiitikio hana: hukikaribia,
kisha hukata kona.

Jana nilikaa safu ya nyuma, koti magotini.
Akaanza ule wa chumvi.
Baba alitoka
akanyamaza. Akavuta pumzi papo hapo
nilipokosea mwaka wa themanini na nne,
na ukumbi mzima ukavuta naye,
na katika nafasi ile, ndogo kama punje ya risasi,
nikamwona baba yake mlangoni,
hajaamua bado.

Kununua chumvi.

Nimerudi, nimeshuka chini ya ngazi na tochi,
nimepangusa vumbi nakala moja.
Sijaifungua.