Lakiri

Mvua ya Tukuyu haipigi hodi usiku.
Inaingia tu, kama shemeji.
Nimejifunga khanga mbili juu ya sweta
ndani ya ofisi ya ushirika wa chai,
mbele ya kompyuta moja kuukuu, ya msaada,
niliyoifumua na kuifuma upya
kwa msimbo huria, uzi kwa uzi.

Sikusoma wote. Nani amesoma wote?
Lakini mlango u wazi: ukitaka, ingia,
ukiona panya, piga kelele.
Wapo watu nisiowajua hata majina
waliopiga kelele kabla yangu, wakasikika.

Kisha waifai ikagoma.
Kioo kikaandika: fimwea haipo.
Kadi inataka kifurushi chake,
kilobaiti mia saba zilizofumbwa kama ngumi,
zikatiwa saini na kampuni ya mbali.
Nikakagua saini. Halali.
Nikachungulia ndani: tarakimu tupu, ukungu,
kama barabara ya Isongole alfajiri
unaponyoosha mkono na kuupoteza.

Kaka yangu Ambakisye yuko mizani, Uyole.
Malori ya Tunduma yanapanda sahani,
anasoma uzito, anamulika lakiri kwa tochi:
namba ni ile, waya haujakatwa, pita.
Siku moja nilimuuliza, mna nini ndani?
Akacheka. "Dada, lakiri haisemi kilichomo.
Inasema tangu bandarini hakuna aliyefungua."
Na aliyepakia?
"Hapo," akasema, "mimi sikuwepo."

Neno hilo likanikaa kooni kama mwiba wa mbasa.

Nikakataa kifurushi. Nikapanda hadi Mwanjelwa,
nikanunua kadi ya zamani kwa fundi Gwakisa.
Ikawaka bila kuomba kitu.
Siku tatu nilitembea kichwa juu.
Ya nne Gwakisa akanipigia simu:
"Hiyo nayo ina fimwea, usijidanganye.
Imechomewa humo humo kiwandani.
Ile ya kwanza ilikuomba. Hii haikuomba."
Kumbe sikukimbia. Nilifumba macho tu.

Wazazi waliniita Subilaga, tumaini.
Mama anachuma chai tangu sijazaliwa,
lakini pale kituoni, gunia likining'inia,
hatumaini:
anasogea, anaisoma namba kwa midomo,
anaiandika kwenye daftari lake la mraba
linalonuka mafuta ya taa.
Mizani ile nayo ni ya umeme,
ina tumbo lisilofunguliwa na stika ya serikali.
Mama anaiheshimu stika.
Na bado anaandika.

Wiki hii limekuja toleo jipya la kifurushi,
la kadi ile ya kwanza, niliyoirudisha kimya kimya.
Maelezo mstari mmoja: marekebisho ya usalama.
Tundu gani? Hawasemi.
Nikikataa, nalala na tundu ambalo wezi wameshaambiwa.
Nikikubali, nameza kidonge kisicho na karatasi.

Nimekubali.
Ila mgeni nimempa sebule, sikumpa nyumba:
kwenye kumbukumbu ana kona yake, asivuke,
na madeni ya wakulima nimeyafunga kwa ufunguo wangu
kabla hayajapita mikononi mwake.
Nimeandika tarehe, ukubwa, alama ya kidole ya faili,
kwa kalamu ya wino,
kwenye daftari la mraba.

Sasa taa ya kadi inapepesa, kijani.
Inasema na nani saa saba hii ya usiku,
na ofisi nzima ni mimi na mvua?

Naichomoa. Nasikiliza.
Naichomeka tena.