Herufi N Imeng'oka

Kompyuta tuliipata mnadani, chama cha msingi kilipouza
viti vitatu, mizani mbovu na kabati lisilo mlango.
Elfu themanini na tano, pamoja na vumbi la korosho tumboni mwake.
Herufi N imeng'oka. Imebaki chuchu ya mpira,
na mimi ndiye niandikaye orodha ya Newala,
ya Namiyonga, Nambunga, Nanda, Nangwala.
Kidole cha shahada kimeota sugu
kwa nchi inayoanza na herufi isiyokuwepo.

Skana hatuna. Tuna stuli ya jikoni, miguu juu,
kioo cha dirisha kimelazwa juu ya miguu,
simu ya Dadi kifudifudi juu ya kioo,
na karatasi chini, kwenye kikalio, inapigwa picha.
Taa pia hatuna. Tuna ukungu:
unapanda kutoka bondeni alfajiri,
unaingia dirishani bila hodi,
mweupe, hauachi kivuli hata cha mkono.
Saa nne unaondoka, nasi tunafunga kazi.

Mali bila daftari hupotea bila habari.
Dadi kaubandika ukutani, kwa gundi ya unga wa muhogo.
Na daftari lenyewe likipotea?
Mchwa hawasomi. Wanakula tu,
na huanzia kwenye tarehe.

Hili hapa ni la zamu ya maji, Luchingu, sabini na nne.
Kalamu ya risasi: jina, ndoo, jina, ndoo.
Deni la ndoo moja limekatwa mara mbili, kwa hasira.
Nikalipa anwani: 1974-09, maji, Luchingu, 003.
Mwaka kwanza, ndipo mwezi, ili mambo yajipange yenyewe.
Nikajiona fundi.

Akaja Lukia Nampota.
"Nitafutie mama. Zainabu binti Mkwemba."
Nikaandika. Mashine ikasema hakuna.
Nikaandika tena, Z kubwa, Z ndogo. Hakuna.
Lukia akacheka mpaka akakaa.
"Mwaka huo alikuwa hajachezwa, wewe!
Zainabu alitokea unyagoni. Aliyekwenda kuteka maji
ni Nantende."

Nantende. Ukurasa wa sita, zamu ya tisa, ndoo mbili.
Ndoo mbili, na mtoto wa miaka kumi na mbili,
na ule mteremko.

Siku hiyo nikachora safu mpya kwenye orodha:
Jina la Kabla.
Jioni, watu kumi na saba walikuwa wamerudi
kutoka kutokuwepo.

Diski ni mbili. Moja inalala humu,
kwenye kopo la maziwa lenye mchele uliokaangwa kunyonya unyevu.
Nyingine iko Masasi, kwa shemeji wa Dadi muuza vipuri,
nyuma ya mikanda ya pikipiki.
Hajui anatunza nini. Anajua tu asiiuze.

Akiba haiozi, walisema.
Hawakuwahi kunusa kaseti.

Ya Lukia ilikuja ndani ya mfuko wa sukari,
ukoga mweupe ukingoni, mwandiko wa mama yake ubavuni.
Nyimbo za kumtoa mwali.
"Inakili," akasema. "Usiisikilize. Wewe mwanamume."
Na kaseti haiharakishwi: dakika arobaini na tano kila upande.
Nikashusha sauti hadi sifuri.
Nikakaa nikitazama mstari wa kijani
ukipanda, ukishuka, ukitulia,
kama mtu aliye nje ya ua
anayeona vumbi la ngoma juu ya makuti.

Dakika ya thelathini mstari ulisimama wote, nyasi zilizoshtuka.
Nadhani walicheka.
Kisha kitu kimoja chembamba, peke yake.
Kikohozi, labda. Au jina.

Nikaandika: Upande A. Haujasikilizwa. Ufunguo anao Lukia.
Mwimbishaji: Zainabu binti Mkwemba.
Jina la kabla:
nikabonyeza ule mpira, kwa nguvu,
mpaka ukakubali.