Mlio wa Tatu

Alhamisi, saa moja usiku, mvua ya Blaenau
inagonga mapaa ya mawe kama mdai,
nasi tuko kwa Heulwen, pale pa kufulia nguo,
kwa sababu pana joto na hatufukuzwi.
Juu ya mashine iliyoharibika
tumepanga vitabu vitano, migongo imekatika,
na pa cha sita tumepaacha wazi
kama kiti cha mgeni aliyesema yuko njiani
miaka kumi na mmoja iliyopita.

Hoja yetu ni pembe. Gorwel, ndilo jina lake.
Katika kurasa elfu tatu imepulizwa mara mbili.
Ubeti uliochongwa ukingoni mwake
tunaujua kuliko namba za simu za watoto wetu:

     Mlio wa kwanza, jua;
     mlio wa pili, mvua;
     wa tatu anaujua
     aliyezikwa na pembe.

Tudur, fundi wa mabomba, anaapa
kwamba fahali mwenye pembe yake yu hai, anaitafuta.
Ushahidi: kitabu cha pili, ng'ombe wanakataa maji
kila Osfael anapopita na mkoba wake.
Eluned, anayefundisha hesabu, anasema tumechelewa,
mlio wa tatu ulishapigwa, kitabu cha nne, sura ya tisa,
watu wote wamelala, mbwa akainua masikio.
"Na mwandishi huyu," anasema, "hapotezi mbwa bure."
Gwilym hasemi kitu, anakula biskuti za wenzake,
kisha: "Ni pembe tu. Hofu ndiyo inayofanya kazi."
Tunamzomea kila wiki.
Mali ana miaka kumi na miwili. Ameandika kwenye daftari:
pembe haitoi sauti, inainywa.
Hesabuni mabubu, anasema.
Tulihesabu. Saba. Usiku ule sikulala vizuri.

Lakini vita vyetu vikubwa ni juu ya *na*.
Kwa Kiwelisi nako kijineno hicho kina nyuso mbili:
alizikwa pamoja na pembe,
au pembe ndiyo iliyomzika?
Kwa ajili ya herufi hizo Tudur na Eluned
hawakusalimiana tangu Pasaka hadi mavuno.

Nerys hajasoma hata ukurasa.
Alikuja kukausha mashuka yake, basi,
akasikiliza nusu saa, mkono kiunoni.
"Kwani hamkuzaliwa hapa?" akauliza.
"Machimboni kulikuwa na pembe.
Wa kwanza: jificheni. Wa pili: baruti.
Wa tatu: tokeni, kumetulia."

Eluned akaweka kikombe chini polepole.
Tudur tayari alikuwa anapekua, akilowesha kidole.
Tokeni, kumetulia!
Kumbe tuliogopa miaka yote
sauti ya kuitwa nje.

"Ila ndugu wa babu yangu, Ifor, ndiye aliyepuliza,"
Nerys akaendelea, akivuta shuka kutoka kwenye pipa la moto,
"na siku moja mlima ulishuka mapema.
Wenzake kumi na wanne walikaa kibandani
wakingoja wa tatu.
Wamekaa wee, mpaka giza,
wamekula mkate wote, wamebishana:
amesahau, amelewa, upepo umeibeba,
wewe ndiye hukusikia.
Wake zao ndio waliokuja na taa kuwatoa.
Pembe waliikuta mkononi mwake. Shika hapa."

Eluned akashika ncha mbili za shuka.
Wakarudi nyuma, wakakaribiana, wakakunja,
wakarudi nyuma tena.
Mali hakuandika kitu.
Kwenye mashine iliyoharibika
ile nafasi ya cha sita ilikuwa na vumbi kidogo,
na Gwilym, Gwilym yule, akaipangusa kwa mkono wa sweta.

Kisha mashine ya kukaushia ikamaliza kazi, ikalia,
ikalia tena.
Hulia mara mbili tu, miaka nenda rudi.
Tukasimama pale na nguo za watu mikononi.
Hakuna aliyegusa mlango.