Slaidi Ishirini na Mbili

Badri amekuja na slaidi ishirini na mbili.
Saa tisa na nusu, darasa la jiografia, hita inagugumia,
theluji ya Machi imeshakuwa tope
na korongo la Chiatura limejaa ukungu hadi shingoni.
Haya, nikamwambia, wasilisha.
Akanipa mgongo, akausomea ukuta.

Tani za manganizi za mwaka. Tani za mwaka uliofuata.
Ramani. Mshale. Ramani yenye mishale zaidi.
Maneno yalimwagika kama mtama wa gunia lililopasuka,
na mimi, mtu mzima ninayelipwa kusikiliza,
nikajikuta nahesabu vigae vya dari.

Unamwambia nani? nikauliza.
Darasa.
Darasa halina masikio, Badri. Nani?
Akafikiri. Eliso, yule wa nyuma, anayechora farasi.
Basi mwambie Eliso kitu kimoja
kitakachomfanya aweke penseli chini.

Kimya. Hita. Kisha, kama anayekiri wizi:
bibi yangu aliendesha winchi
ya kiberenge cha angani, kile cha zamani, cha kutu.
Siku moja umeme ulikatika
watu tisa wakabaki wananing'inia juu ya mto.
Bibi akafungua dirisha la kibanda chake
akawapigia kelele, akiwasimulia
atakachopika jioni, kitunguu kwa kitunguu.
Dakika arobaini. Hakuna aliyelia.

Na hilo liko slaidi ya ngapi?
Haliko, mwalimu. Si la kitabuni.

Tukaanza kufuta.
Kila tani aliipigania kama shamba la urithi,
nami nilikuwa na njaa, na ufunguo wa mlango, na subira kidogo.
Zikabaki tatu: korongo, waya, mkono wa bibi kwenye roda.
Kwenye vikaratasi hakuna sentensi, nilisema, neno tu:
dirisha. tisa. mto. chungu.
Ya kwanza iweke moyoni, na ya mwisho.
Zilizo katikati zijue kama unavyojua ngazi za kwenu gizani.

Alimsimulia paka. Alimsimulia kaka yake, akachekwa.
Jumatano akanisimulia mimi, mbiombio, kama anayefukuzwa na mbwa.
Nikamfundisha kunyamaza.
Ukisema "umeme ukakatika", hesabu hadi tatu.
Tatu ni nyingi, mwalimu.
Kwako wewe uliyesimama sakafuni.

Ijumaa alikuja mbele, shati limefungwa hadi kooni.
Sentensi ya kwanza ikamtoroka.
Akameza mate. Akatazama kikaratasi, akatazama mlango.
Kisha akatoa mfukoni kitasa cha dirisha lile,
shaba iliyolika upande mmoja kwa kushikwa,
akakiweka mezani, ko!
akaanzia katikati, palepale umeme ulipokatika.
Moja.
Mbili.
Nilisikia mto.

Penseli ya Eliso ilikuwa chini; sijui ilishuka lini.
Badri alipitisha muda kwa dakika nne.
Kanuni ni kanuni, nikamkata alama mbili
kwa mkono mzito, nikaziandika ndogo.
Manganizi aliitaja mara moja tu, na tani akazikosea.

Maswali? Hapo kwa kawaida kila mtu hutazama viatu vyake.
Eliso akanyoosha mkono:
Kwenye kile chungu, kulikuwa na nini?

Badri akafungua mdomo, akaufunga.
Maharage, nadhani. Na jozi.
Kwa kweli sijui. Sikuwahi kumuuliza.

Kengele ikalia. Alisahau koti, hakusahau kitasa.
Kutoka dirishani nilimwona akipanda ngazi za mtaani kwao,
mbili mbili.